Rehema, kabla hamjachapa hilo jarida

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi, natumaini huko Mwanza mko wazima na mama anaendelea vizuri. Meseji yako niliisoma usiku nikashindwa kuijibu kwa mistari miwili, ndo maana nakuandikia barua kabisa. Umesema wewe na wenzako mnataka kuanzisha jarida lisiloogopa mtu, lenye habari ya wavuvi na wanunuzi wa sangara, alafu ukauliza kama hapa kwetu kuna watu waliwahi kufanya hivyo au ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Walikuwepo Rehema, tena wanafunzi, tena hapahapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jarida lao liliitwa Cheche.

Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1969, chuo bado kiko chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Azimio la Arusha lina miaka miwili na kitu, mabenki yameshataifishwa, kila kona ni ujamaa. Sasa kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kimapinduzi kinaitwa USARF (University Students' African Revolutionary Front), kilianza 1967, mwenyekiti wake Yoweri Museveni, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais wa Uganda, na hawa Jumapili walikuwa wanakaa darasani kujisomea siasa wenyewe, hakuna maksi hakuna cheti. 1968 waliizuia Rag Day, ile siku wanafunzi wanavaa matambara na kuzunguka mjini kuchangisha hela za maskini, wao wakasema huko ni kumdhalilisha maskini. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alikuwa anafundisha historia hapo, akawa nao bega kwa bega, na kwenye Cheche aliandika. Wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hesabu, na Henry Mapolu, na Zakia Meghji ambaye baadae alikuja kuwa waziri wa fedha. Yaani nikikuambia ni watoto wa chuo elewa ni watoto wa chuo kweli, kesho yake wana mtihani.

Na walichapaje? Kwa stensili. Unachukua karatasi ile yenye nta, unaiweka kwenye taipuraita, unaondoa utepe wa wino ili herufi zipige nta moja kwa moja na kuitoboa, ukikosea unapaka dawa unasubiri ikauke ndo unagonga tena, alafu unaivisha kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono, kurasa zinatoka mojamoja. Ukimaliza unazipanga kwa mkono mezani, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, unapiga pini. Karatasi za kudurufu za miaka hiyo ukizishika utaona herufi "o" nyingi zimejaa wino tii, kwasababu taipuraita ilikata kile kiduara chote kikadondoka. Kazi yote ya kujitolea. Nyie mna simu, mnaweza kutoa jarida zima mkiwa mmekaa kwenye kochi, kwahiyo suala la vifaa tulitoe kabisa.

Ninachotaka ukishike ni kitu kimoja. Maneno makali kila mtu anayo, na Cheche lilikuwa nayo mengi tu, ubeberu, ubepari, mapinduzi, kurasa na kurasa. Lakini kilichotikisa ni toleo maalum la 1970 lenye makala ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Shivji alikuwa kijana wa miaka 24, mtu wa sheria, na hakukaa kupiga kelele, alienda kuangalia makampuni. Serikali imetaifisha, sawa, lakini nani ni mbia? Nani anaendesha kiwanda kwa mkataba wa menejimenti? Mashine na utaalamu vinatoka wapi, na faida inatokea mlango gani? Akaonyesha kwamba kampuni inaweza kuandikwa ya umma huku wale wale wa nje bado wanakula, na kwamba ndani ya nchi kuna tabaka la wakubwa wa maofisini linalonenepa kwa jina la ujamaa. Hayo yaliandikwa wakati ambao kuukosoa ujamaa kwa kusema haujaenda mbali vya kutosha ilikuwa hatari kuliko kuupinga waziwazi, maana mpinzani unamwita kibaraka na yameisha, ila huyu anakuja na karatasi zako mwenyewe utamwitaje? Mimi ile makala naiheshimu sana, hata pale ambapo sikubaliani nayo.

Novemba 1970 ikaja amri, USARF ivunjwe na Cheche lifungwe, mwaka mmoja tu tangu lianze. Sababu iliyotolewa ni kwamba umoja wa vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, upo na unatosha, na kwamba jina Cheche, ambalo kweli walilichukua kwenye magazeti ya Iskra ya kina Lenin na The Spark ya kina Nkrumah, yote maana yake cheche, linafanya watu wadhani tunajenga ujamaa wa Kirusi. Hawakutawanyika lakini. Mwaka uliofuata wakaibukia ndani ya tawi la vijana wa TANU hapohapo chuoni na jarida lingine, MajiMaji, na ile makala ya Shivji ikachapwa na Tanzania Publishing House 1973 tena ikiwa na majibu ya wasomi wengine pembeni. Kwa wenzetu Kenya ilikuwa mbaya zaidi, lilipotoka gazeti la siri la Pambana 1982 watu walifungwa jela kwa kukutwa na makaratasi tu.

Kitu kinachoniuma kuhusu Cheche ni kwamba jina lilikuwa la Kiswahili lakini ndani ni Kiingereza. Mfanyakazi wa kiwandani ambaye ndo anaandikwa humo hawezi kulisoma. Alafu angalia, Mwongozo wa TANU ulipotoka 1971, kwa Kiswahili, ukakataza viongozi kuwa na majivuno na uonevu, wafanyakazi wakauelewa hapohapo, wakawa wanagoma wakiutaja, mpaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar wakakichukua kiwanda wakakiendesha wenyewe. Sasa fikiria ile hesabu ya mikataba ingewafikia kwa lugha yao.

Kwahiyo ile habari yenu ya wavuvi na wanunuzi wa sangara usianze na manifesto tafadhali. Anza na bei ya kilo pale mwaloni samaki wanaposhushwa na bei ya kilo ikitoka kiwandani, nani anamkopesha mvuvi nyavu na anamkata kiasi gani, na mzani ni wa nani. Andika kwa Kiswahili hichohicho mnachoongea mwaloni, na kabla hamjalitoa msomeeni mvuvi mmoja aseme wapi mmedanganya. Ukimaliza nitumie na mimi, nitaisoma mwanzo mpaka mwisho na nitakuambia ukweli.

Nisalimie mama na wadogo wote.

Wako,
Mwanaidi