Barua kwa mwanangu mwenye banda la video

Mwanangu Saidi,

Assalaam alaykum. Huku Mikindani tu wazima, mguu wangu ni ule ule, na mengine nitayataja mbele. Shafii ananisumbua tangu juzi na ombi moja: shule zikifungwa Desemba anataka kuja tena Tandahimba kwa mjomba wake. Sijamjibu. Nakuuliza wewe kwanza: safari hii jioni atakaa wapi, nyumbani na mkeo au bandani?

Usiseme mama ameanza. Najua banda ndilo linalokulisha. Najua msimu huu, korosho zikishapita mnadani na hela zikiingia benki, watu wanajaa mpaka wengine wanasimama mlangoni. Niliposikia umenunua jenereta kwa hela yako mwenyewe, bila kumkopa mtu na bila kujiingiza kwenye kangomba, ile biashara ya kununua korosho za watu kwa magendo, nilitamba hapa mtaani, waulize. Ninachotaka kujua ni kidogo tu: hao wanaokupa shilingi 200 mlangoni ni wa umri gani?

Maana Shafii aliporudi kutoka kwako Juni hakuwa na jeraha wala homa, nikashukuru. Halafu akafariki mzee wa nyumba ya pili, yule aliyeugua muda mrefu. Tuko msibani, wanaume wanangoja kwenda kuzika, sisi tumekaa uani tunachambua mchele, Shafii akaja akanivuta khanga. Akaninong'oneza, "Bibi, nani kamuua?" Nikamwambia hakuna aliyemuua, ameugua. Akanitazama kama mtu anayefichwa jambo. "Sasa kafaje?" Mtoto wa miaka tisa, Saidi, anaamini mtu hafi mpaka auawe.

Tangu siku ile nikaanza kuziangalia hizo picha zenu kwa jicho jingine, zile za kwenye simu ya dada yako alipokuja Idd. Watu wanaanguka kama maembe. Hakuna anayewarudia. Hakuna wa kuwafumba macho, hakuna sanda, hakuna mtu anayetumwa kwenda kumwambia mama wa marehemu. Staringi anawaruka, anatupa bunduki begani, anakwenda zake. Kwamba staringi hafi, hilo tunalijua toka zamani wala halinisumbui. Kinachonisumbua ni hao wengine, wafu wasio na kwao. Mtoto akishaona mia ya namna hiyo, msiba wa kweli ukifika mlangoni anatafuta bunduki iko wapi.

Na huyo mtafsiri wenu, anayezungumza Kiswahili juu ya picha, ndiye anayemaliza kazi. Mtu anakatwa shingo, yeye anasema huyo katangulia kuwasalimia mababu, banda zima linaangua kicheko. Shafii anamwigiza vizuri mno, kwa sauti ile ile nzito. Hata mimi nilicheka, kabla sijauliza kilichokuwa kinaendelea kwenye picha.

Mimi si adui wa picha. Sisi tuliziangalia za kareti tena sana. Bruce Lee alikufa 1973, na miaka mingi baada ya hapo tuliendelea kumwona akiwatandika watu wale wale, na hatukutoka tukamvunja mtu mbavu. Chuo cha ualimu walitufundisha jaribio la Bandura, la 1961 kule Stanford, Marekani: watoto wadogo walimwona mtu mzima akimtwanga mwanasesere wa kujaza hewa, nao walipoachwa naye wakamtwanga vile vile, na maneno wakayarudia yale yale. Nilifaulu mtihani kwa hilo jaribio lakini sikulimeza lote. Mwanasesere yule ukimpiga anainuka mwenyewe. Katengenezwa apigwe. Mtoto gani asimpige? Kwa hiyo siogopi kwamba Shafii atampiga mtu. Shafii kuku akichinjwa anakimbilia chumbani. Naogopa kwamba ataacha kukimbia.

Serikali nayo si kwamba haina kazi. Bodi ya Filamu inapanga picha kwa umri, na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo toka 1976. Hata hao Marekani wenyewe, wanaotuletea hizo bunduki, mwaka 1984 waliongeza daraja la miaka 13 baada ya wazazi kulalamika kwamba watoto wanaoneshwa mambo makali kwenye picha zilizosemwa ni za familia. Najua utanijibu nini. Picha zako unanakili kwenye flashi, hazina jalada la kuandikwa umri. Basi umri utaandika wewe, kwa chaki, mlangoni, na utausimamia wewe. Hao vijana wenye hela za korosho hawataacha kuja kwa sababu watoto wamezuiwa. Watoto wanakuingizia shilingi ngapi kwa jioni moja? Piga hesabu hiyo kwa uaminifu.

Lipo jingine, na hili nalisema mara moja. Shafii aliniambia kwamba picha ikiisha, vijana wakubwa wanapeana simu hapo hapo kwenye mabenchi, na kwenye simu kuna watu wanachinjwa. Nikamuuliza, ile ni ya kuigiza au ya kweli? Akasema hajui, zote zinafanana, ila ile ya simu haina mtafsiri.

Mei 2013, zile vurugu za gesi hapa Mtwara, ulikuwepo, sina la kukukumbusha. Na Oktoba 2020 wale wenye silaha waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaua watu na kuchoma nyumba Kitaya, hawakuvuka kwenye skrini. Kitaya ni hapo chini yenu. Humo bandani mwako anaweza kuwa amekaa mtoto aliyeona kwao kunaungua, na jirani yake anamsukuma kwa kiwiko amwoneshe simu huku akicheka. Mwenye simu ya namna hiyo mtoe nje, awe rafiki yako, awe mtoto wa mwenye kiwanja. Kama na wewe umewahi kuiunganisha kwenye televisheni, sitaki kuambiwa. Iishie hapo.

Tena wewe una maarifa ambayo wenzako hawana. Si wewe uliyenieleza kwamba damu ya picha ni sharubati na rangi? Kwamba enzi za nyeusi na nyeupe walimwaga sosi ya chokoleti, kwa kuwa wekundu usingeonekana? Kwamba ile ngumi inayolia puu ni mtu amekaa chumbani anapiga pande la nyama, na mfupa unaovunjika ni shina la mboga mbele ya kipaza sauti? Mimi mtu mzima ulinikalisha ukanieleza nusu saa nzima, na Shafii hukumwambia hata neno moja. Muwekee picha mchana, banda likiwa tupu. Isimamishe pale pale mtu anapoanguka. Mwambie huyu baada ya hapo aliinuka, akanawa, akalipwa, akaenda kula. Halafu muulize yule mzee wa nyumba ya pili naye aliinuka?

Baba yake Shafii ni mtu mwema lakini unajua kwetu, mjomba ndiye mwenye mtoto. Dada yako yuko Dar anahangaika, kamwacha kwangu, na mimi macho yangu hayafiki Tandahimba. Mwakani anaingia jandoni na wewe ndiye utakayesimama naye. Sitaki asimame na mtu anayemwona jioni jioni tu, gizani, kwa mlangoni.

Haya. Bati mbili za jikoni zimeng'oka, fundi anataka 40,000 na misumari juu yake. Yule kijana wa salfa, dawa ya mikorosho, kaja tena kudai, nimemwambia asubiri malipo ya mnada wa pili. Mabibo mwaka huu yameoza mengi shambani, hakuna wa kuyaokota, wote wamekimbilia korosho zenyewe. Mkamwana wangu mpe salamu, mwambie ule mchanganyiko wa dawa ya kikohozi aliouleta ulinisaidia, aniletee tena.

Na turubai langu la bluu. Nimesikia umezibia madirisha ya banda ili giza likolee. Mimi naanika korosho kwenye mkeka uliotoboka na mvua ishaanza kunguruma. Mpe kondakta wa basi la Jumamosi, nitampokea hapa barabarani. La Shafii nipigie kabla ya hapo, maana anauliza kila jioni, na mimi bado sijui jioni atakaa wapi.

Mama yako
Mikindani