Pampu kwanza, reki baadaye

Mwanangu,

Baba yako mdogo amenisomea karatasi ya shule kwenye simu: Jumamosi darasa lenu linakwenda kuwazolea majani wazee wa mtaa. Nimefurahi sana. Ila pampu yako ya pumu, mwanangu. Iwe mwilini mwako, si kwenye begi.

Majani makavu ya juu hayana neno. Jihadhari na ya chini. Lundo likilala siku kadhaa na unyevu, tabaka la chini huwa jeusi, linateleza na kunuka kama mahindi yaliyovundia ghalani. Hiyo ni kuvu. Ukilichokonoa, chembe zake huruka usizione. Basi wewe shika mfuko au turubai, usimame upepo unakotokea, wenzako wachokoe. Waambie wazi kwamba una pumu. Ule ukimya wako wa kutotaka kuonekana mgonjwa siupendi hata kidogo.

Pampu ikae mfuko wa ndani wa koti, kwa sababu ikipoa sana haitoi dawa sawasawa. Ile nyingine ililala garini usiku wa baridi, na si wewe uliyeisahau humo. Tazama namba nyuma yake. Zikiwa chache, baba mdogo aende duka la dawa kabla ya Ijumaa. Kama imekaa zaidi ya wiki mbili bila kutumika, itikise, ufyatue hewani kwanza kama maelezo yake yanavyosema.

Kazi yenyewe unaiweza, hilo sina shaka. Reki ile ya meno mapana, vuta kidogo kidogo kuelekea turubai, kisha mlikokote wawili. Majani mabichi ya mvua ni mazito, mfuko ujae nusu tu. Mifuko iwe ya karatasi. Hapo Minneapolis majani ya kwenye plastiki ya kawaida hayachukuliwi. Wala msiyasukumie barabarani. Mitaro ya mvua inamwaga moja kwa moja ziwani na kwenye mto Mississippi bila kusafishwa, na majani yakiloweka hutoa fosforasi inayolisha ule mwani wa kijani unaoharibu maji ya kiangazi. Mkizoa yaliyoziba wavu wa mtaro, simama kwenye ukingo, usishuke barabarani. Soksi zifunike ncha za suruali, na jioni ujikague kupe nyuma ya magoti, kwapani na nyuma ya masikio. Nguo ziende kufuliwa, zisitupwe kitandani.

Mkumbushe baba mdogo kichujio cha mashine ya kupasha nyumba joto, hakijabadilishwa tangu mwaka jana. Nilipaswa kukibadilisha kabla sijasafiri. Kipya kiko kabatini chini ya ngazi. Mshale uelekee kwenye mashine. Maharage yako kwenye friza, kopo la kifuniko chekundu. Bibi anakusalimu, mguu umepungua uvimbe, jana alitembea hadi mlangoni.

Ukimaliza saa sita mchana, huku Tanga itakuwa saa mbili usiku. Nipigie, nisikie unavyopumua.

Mama yako