Kabla ya kumwita fundi wa plota, shika rula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaolalamika kwamba plota, yaani zile printa kubwa zinazochapa ramani za majengo na viwanja, zinapotosha vipimo, na kwamba skana zetu hutoa skani zenye ukungu. Kuchapa na kuskani michoro ndiyo kazi yangu, na malalamiko hayo nayasikia kaunta karibu kila siku. Sikatai kwamba mashine huchakaa. Ninachokataa ni mazoea ya kuilaumu kabla ya mtu kupima chochote, kwa sababu kosa la skeli, yaani uwiano wa vipimo vya mchoro na vya kitu halisi, hujieleza lenyewe kwa yeyote aliye tayari kuweka rula juu ya karatasi.

Mteja mmoja alinirudishia ramani ya ukubwa wa A1, skeli 1:100, akiwa amekasirika kwelikweli. Ukuta wa mita 10, ambao ulipaswa kuwa na milimita 100 kwenye karatasi, ulikuwa na milimita 97. "Mashine yako imekula sentimita thelathini za nyumba yangu," aliniambia. Tulipima mstari mwingine uliokwenda upande wa pili wa karatasi, nao ulikuwa umepungua kwa kiwango kilekile. Hapo plota ilikwisha kujitetea, kwani upana wa mchoro hutegemea mwendo wa kibebeo cha vichwa vya wino, ilhali urefu wake hutegemea rola zinazovuta karatasi, na ni nadra sana sehemu hizo mbili zikosee kwa kadiri ileile. Kilichopunguza mchoro ni lile chaguo la kuufanya utoshee karatasi, ambalo huuminya ili zibaki pambizo. Tena halikuwa limewekwa kwangu: liliachwa na alama ya tiki kwenye kompyuta ya mchoraji alipokuwa akitengeneza PDF, kwa hiyo hata nilipochapa kwa asilimia 100, nilikuwa nachapa kwa uaminifu mchoro uliokwisha kupungua.

Hali huwa tofauti upana unapokuwa sahihi na urefu ukakosea. Hapo ndipo mashine inapostahili kutiliwa shaka, ingawa mara nyingi si kwa ubovu. Huenda aliyeweka karatasi alichagua aina isiyo yake kwenye mipangilio, na plota ikavuta karatasi nyembamba kana kwamba ni nzito. Au rola zina vumbi la karatasi na zinateleza. Plota nyingi zina sehemu ya kurekebisha mvuto wa karatasi katika menyu ya matunzo, na kazi hiyo hufanywa baada ya kusafisha rola, kwa karatasi ileile itakayotumika. Jaribio lifanywe kwa mstari mrefu, wa milimita 500 hivi, kwa sababu kosa la milimita moja huonekana wazi hapo, lakini kwenye mstari wa milimita 50 kosa hilohilo hupungua hadi sehemu ya kumi ya milimita na jicho halilioni. Ikumbukwe pia kwamba karatasi ya kawaida hutanuka ikinyonya unyevu, na hutanuka zaidi kwa kukatisha nyuzi zake kuliko kuzifuata; anayehitaji vipimo visivyocheza achape kwenye filamu ya poliesta.

Makosa makubwa ndiyo mepesi kuyatambua. Mchoro uliokua au kupungua mara 25.4 umechanganya inchi na milimita. Picha iliyotoka kubwa mara nne na kidogo, mara nyingi iliskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi (nukta ni vidoa vidogo vinavyounda picha), kisha programu ikaichukulia kuwa ya nukta 72. Kuna pia wanaoomba ramani ya A1 ipunguzwe hadi A2, halafu wanashangaa rula yao ya skeli haikubali. Kutoka A1 hadi A3 ni nusu kamili, kwa hiyo 1:100 inakuwa 1:200 bila tatizo. Lakini kutoka A1 hadi A2 ni takriban asilimia 70.7, na 1:100 inageuka kuwa kama 1:141, skeli ambayo sijaiona kwenye rula yoyote.

Kuhusu skani, lalamiko kubwa ni mstari mrefu unaoikata ramani kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika skana ya kupitisha karatasi, kihisi kimetulia na karatasi ndiyo inayotembea, hivyo chembe moja ya vumbi, au gundi ya selotepu iliyobaki kwenye kioo, huchora mstari urefu wote wa ramani. Dawa yake ni kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na kimiminika kiwekwe kwenye kitambaa, si juu ya kioo. Baada ya hapo ndipo skana irekebishwe kwa ile karatasi nyeupe ya kipimo. Ukirekebisha kabla ya kusafisha, unaifundisha kuuona uchafu kama sehemu ya kioo. Mistari ya mshazari inayovunjika mahali palepale kila mara ni jambo jingine: skana yenye kamera kadhaa huunganisha picha zake, na maungio hayo yamehama. Ukungu kwenye mikunjo nao ni wa skana ambazo kihisi chake huona vizuri kile tu kinachogusa kioo; nyoosha karatasi, au iweke ndani ya jalada angavu.

Wengi hudhani dawa ya ukungu ni kuongeza nukta. Ramani ya A0 kwa nukta 300 kwa inchi ina takriban pikseli milioni 140, na kwa rangi, bila kubanwa, faili lake hufika megabaiti 420 hivi. Ukipanda hadi nukta 600 faili huongezeka mara nne, na mistari myeusi ya kawaida haitakuwa na faida kubwa. Mchoro wa penseli iliyofifia huokolewa na skani ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu, na herufi zenye vumbivumbi pembezoni mara nyingi zimeharibiwa na faili la JPEG lililobanwa kupita kiasi.

Skana nayo ina skeli yake. Chapa mstari wa milimita 254, uhakikishe kwa rula, kisha uuskani kwa nukta 300: kwenye kompyuta unapaswa kuwa na pikseli 3,000. Nakala iliyoskaniwa kwa asilimia 99 na kuchapwa kwa asilimia 99 imebaki na asilimia 98 tu, na kila mashine itadai kosa lake ni dogo.

Kwa hiyo nawaomba wachoraji waweke pembeni ya kila ramani mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa mlalo na mwingine wa wima, yenye urefu wake umeandikwa. Hilo tu litanipunguzia maneno mengi ya kaunta.

Wako,
Mchapaji wa ramani