Ukiing'oa Diski Kwenye Kesi Yake, Usibonyeze "Format"

"Mmechomeka waya, mmesoma namba mbili, halafu mnataka elfu kumi na tano?" Sisi mafundi wa diski maneno haya ya wateja kuhusu ada ya kupima tumeyazoea, ila juzi yalisemwa kwa sauti ya juu mbele ya wateja wengine. Basi tuzieleze hizo namba.

Diski hugawa data katika sekta, yaani vipande vidogo vya ukubwa sawa, na namba hizo mbili ni ukubwa wa sekta. Zamani sekta ilikuwa baiti 512. Kufikia 2011 watengenezaji walikuwa wakihamia baiti 4096, lakini diski nyingi mpaka leo huiambia kompyuta kuwa ni 512 ili mifumo ya zamani isigome. Hizo huitwa 512e. Zinazosema ukweli huitwa 4Kn.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya administreta, uandike fsutil fsinfo ntfsinfo C: kisha soma. "Bytes Per Sector" ni inachokisema diski. "Bytes Per Physical Sector" ni ilivyo ndani. Kwenye Linux ni lsblk -o NAME,LOG-SEC,PHY-SEC. Fanya mwenyewe, hatukudai hata senti.

Kasheshe huanza diski ikiwa ndani ya kesi ya USB (lile ganda la nje lenye tundu la waya), maana hapo anayejibu ni saketi ya kesi. Baadhi ya kesi za diski zinazozidi TB 2 huonyesha sekta za 4096 hata kama diski yenyewe hujitambulisha kwa 512. Zilifanywa hivyo kwa ajili ya Windows XP, kwa kuwa jedwali la MBR (orodha ya zamani inayoonyesha kila patisheni, yaani kila sehemu ya diski, inaanzia wapi) lenye sekta za 512 hukomea TB 2 na ushee.

Mpiga picha mmoja wa harusi alikuwa na diski ya TB 3, tundu la USB likalegea. Akaona fundi wa nini, akaing'oa diski, akaichomeka kwa waya wa SATA, yaani moja kwa moja kwenye kompyuta bila kesi. Kompyuta ikahesabu sekta kwa 512 badala ya 4096, ikaenda kutafuta patisheni mahali ambapo haipo, ikauliza: tufomati? Akakubali. Mpaka sekunde ile picha zote zilikuwa salama! Kulichomea tundu lile ni kazi ya mchana mmoja. Kufukua picha baada ya fomati ni kazi ya siku kadhaa, na nyingine hurudi bila majina ya mafaili. Halafu sisi ndio tuitwe wezi.

Ofisi nyingine ilinunua diski mpya, ikanakili humo XP yao ya zamani, mashine ikawa nzito. Walishaongeza RAM kabla ya kutufikia. Patisheni ilianzia sekta ya 63, na 63 haigawanyiki kwa 8 (sekta nane za 512 ndizo hufanya moja ya 4096), hivyo uandishi uliopaswa kugusa sekta moja ya 4096 uligusa mbili. Tuliisogeza hadi sekta ya 2048, mashine ikachangamka. RAM ile, pesa ya bure.

Elfu kumi na tano ni ya kupima diski nje na ndani ya kesi, bila kuandika chochote juu yake, na tukikufanyia kazi tunaikata kwenye bei. Ukija, njoo na kesi pamoja na waya wake, hata kama imekufa.