Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upimaji wa Mgongo kwa Vijana Wenye Skoliosisi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitazirudia kirefu. Tumefanya kliniki 4 za upimaji, mafunzo 2 ya wapimaji wapya na kikao 1 cha wazazi. Vijana 38 wenye skoliosisi, yaani mgongo uliopinda kwenda upande, wamepimwa, 29 kati yao mara mbili. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Ninalotaka tulizungumze ni uamuzi wa kuondoa kipimo cha vidole kugusa sakafu kwenye fomu yetu, na kutumia akiba ya chama kununua vihisi vya mwendo, yaani vifaa vidogo vya kubandika mgongoni vinavyopima jinsi unavyosogea. Yamesemwa mengi, mengine nimeyasikia pembeni. Inadaiwa niliamua peke yangu. Si kweli. Ajenda ilitumwa siku 14 kabla, akidi ya kamati ilitimia, na muhtasari katibu anao.

Sababu ni hii. Pembe ya Cobb, yaani kipimo cha ukubwa wa mpindo wa mgongo, tunaipima kwenye eksirei, kijana akiwa amesimama, na ikifika nyuzi 10 ndipo tunasema ana skoliosisi. Pembe hiyo inatuonyesha umbo la mgongo uliotulia. Haisemi unavyojikunja, wala pingili zinavyojizungusha. Tena eksirei hatuwezi kuirudia kila mara kwa mtoto anayekua, kwa sababu ya mionzi. Vidole kugusa sakafu navyo hutegemea sana nyonga na misuli ya nyuma ya paja.

Kliniki ya pili alikuja binti wa miaka 13. Aliinama, viganja vyote viwili vikalala sakafuni, mama yake akashusha pumzi. Lakini nilikuwa nimemchora alama mbili za kalamu kiunoni, umbali wa sentimita 15. Mgongo unaojikunja vizuri huzitenganisha hadi sentimita 20 hivi. Zake zilifika 17 na nusu. Nikamwomba ainame kulia, upande ambako mgongo wake umetokeza. Mkono uliteleza pajani kidogo tu, kisha akaanza kuinua kisigino cha kushoto ili afike mbali zaidi. Kushoto alishuka bila taabu. Kuinama upande uliotokeza ndiko kunakotuonyesha kama mpindo bado unalegea au umeshakaza, na fomu ya zamani haikuwa hata na nafasi ya kuandika hilo. Ingemwandikia kwamba mwendo ni wa kawaida.

Wataalamu wetu wa siku nyingi wamepinga vihisi wakisema kwamba kihisi hubandikwa kwenye ngozi, na ngozi huteleza juu ya mfupa. Hoja hiyo ni ya kweli na niliikubali kikaoni. Ndiyo maana fomu mpya, niliyoiandaa mwenyewe kwa wiki sita bila posho, inadai kila mwendo urudiwe mara tatu na kijana apimwe na mpimaji yuleyule. Hata pembe ya Cobb tunayoiheshimu, wapimaji wawili wakiisoma kwenye picha ileile huweza kupishana nyuzi 3 hadi 5. Hatukuitupa kwa sababu hiyo. Tulijifunza kuipima kwa uangalifu.

Nije kwenye mahudhurio, na hapa inaniuma. Tuko wanachama 64. Waliolipa ada ni 23. Mikutano ya kawaida imehudhuriwa na watu 17 kwa wastani, na siku ya kufundishana vihisi walifika 9. Baadhi ya waliolalamika zaidi hawakuwepo siku hiyo, na sikupata hata ujumbe wa udhuru. Wazazi walisafiri na watoto wao wakakuta wapimaji wawili tu. Nilipima mpaka jioni.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikiingia, tunatarajia kuwapima vijana kabla na baada ya kuanza kuvaa mkanda wa mgongo, na pengine kupata kliniki ya tano.

Vihisi 2 havijarudi tangu kliniki ya nne. Aliye navyo amkabidhi katibu, kwa sababu bila hivyo hatuwezi kupima kiuno na mgongo wa juu kwa wakati mmoja.

Mwenyekiti