Tokeni haijui ni saa ngapi

Sisi ni mafundi wa stima hapa Nairobi, na wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Kasarani alituandika vibaya mahali ambapo kila mtu anasoma. Kwamba tulimla pesa. Kwamba tulimfungia taima, ile saa ya kuwasha na kuzima yenyewe, kwenye hita ya maji ya kuoga kwa shilingi 6,500 tukimwambia stima ya usiku ni bei nafuu, na mwezi ulipoisha tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, zilikuwa zimekwenda mbio kuliko zamani. Si wa kwanza. Lalamiko hilo hilo tumelisikia Umoja, tumelisikia Roysambu, na kuna mzee mmoja wa Lang'ata ambaye hata hatukumfungia kitu, alikuwa anatafuta tu mtu wa kumfokea.

Sisi hatukumwahidi hivyo. Lakini kijana wetu aliyekwenda kufunga alimsikia akisema "sasa nitatumia ya usiku, ile rahisi", akanyamaza na kuendelea kukaza skrubu. Fundi akinyamaza, mwenye nyumba anahesabu amekubali. Kwa hilo tumemwomba msamaha yule mama.

Maneno hayo ya stima ya usiku aliyatoa kwa dadake anayeishi Uingereza. Kule kuna mpango unaoitwa Economy 7, ulianza mwaka 1978. Aliyejiunga nao anapata saa 7 za usiku kwa bei ya chini, na mita yake ina hesabu mbili, ya mchana mbali na ya usiku mbali. Kwa mtu wa namna hiyo, kufua saa 8 usiku kuna maana. Mita yako ya tokeni hapa Nairobi ina hesabu moja tu. Unalipa, unaletewa tarakimu 20, na kilichofungwa ndani ya zile tarakimu ni yuniti, si shilingi. Ukishazibonyeza zikaingia, bei imekwisha kuamuliwa. Uzitumie saa 7 mchana au saa 9 usiku, mita inapunguza sawasawa. Ukinunua unga kilo mbili, ugali wa usiku hauli unga kidogo.

Bei ya nyumbani inategemea kiasi. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, imewagawa wateja wa nyumbani makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na waliopita 100. Kundi lako linatokana na wastani wa miezi 3. Juu yake kuna gharama ya mafuta inayobadilika kila mwezi, ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo nyingine ndogo ndogo. Ndiyo maana shilingi 1,000 ya mwezi huu inaweza kukupa yuniti chache kuliko ya mwezi jana, na hapo hakuna fundi aliyekuibia.

Bei ya usiku ipo Kenya, tusikatae. Ilianza Desemba 2017 kwa wenye viwanda na biashara kubwa: siku za kazi, kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na hata wao wanaipata baada ya kuvuka kiwango cha matumizi walichowekewa. Wanaochaji magari na pikipiki za umeme nao walipata bei yao mwaka 2023, yenye nafuu ya usiku, ila kwa mita yake maalum. Kama huna moja ya hivyo, taima haikuletei bei mpya.

Basi taima ni ya nini? Hapa ndipo yule mama wa Kasarani alipopotea. Hita yake ni ya lita 50, wati 3,000. Kuyatoa maji kwenye nyuzi 20 hadi 60 inakula kama yuniti 2.3, dakika 47 hivi, na hesabu hiyo haibadiliki hata jua likichomoza magharibi. Yeye aliweka taima iwashe saa 5 usiku izime saa 11 alfajiri. Maji yakawa moto mnamo saa 6 usiku, halafu kwa karibu saa 5 tangi likawa linapoa, thamostati (kidhibiti joto) inawasha, linapoa, inawasha. Tuliliwekea mita ya kubana waya tukaliona likijiwasha lenyewe nyumba nzima imelala. Na jioni watoto watatu wanaporudi shuleni maji ni baridi, kwa hiyo wanahamia kwenye shawa ya papo hapo ya wati 5,500. Dakika 10 kila mtoto, hiyo ni karibu yuniti 2.75 kila jioni ambazo zamani hazikuwepo. Tokeni zisiende mbio kwa nini?

Tulichofanya ni kuisogeza: saa 10 na nusu alfajiri hadi saa 11 na dakika 45, watu wanaoga saa 12. Jioni, kwa muda wa saa moja tu kabla ya watoto kuoga. Thamostati tukaishusha kutoka 75 hadi 60. Hatukumtoza senti kwa safari hiyo.

Hapo hapo niseme jambo linalotuchekesha na kutuudhi. Taima imeandikwa saa za kizungu. Bwana mmoja wa Roysambu alitaka maji ya saa 11 alfajiri, akapeleka pini kwenye 11. Kwa wiki tatu hita yake ilichemsha saa 5 asubuhi, nyumba haina mtu, naye akioga maji vuguvugu na kutulaani. Siku hizi tunabandika karatasi kando ya taima: 5 ni saa kumi na moja.

Sasa hii shilingi 6,500. Tunaambiwa kila siku kwamba dukani mjini taima ni 900. Ni kweli, ile ya kuchomeka kwenye soketi. Hita ya wati 3,000 kwenye stima ya volti 240 inavuta ampea 12.5, tena bila kupumzika kwa karibu saa nzima. Kile kibati cha ndani ya taima ya 900 ni chembamba kama wembe wa kunyolea. Tuliitwa Umoja kwa dada aliyefunga yake mwenyewe. Kwa siku mbili alisikia harufu ya samaki akadhani jirani anakaanga omena. Plastiki ya soketi ikianza kuungua hunuka hivyo, mjue. Tulipoivuta ilitoka na nusu ya soketi, ukuta mweusi hadi juu. Kubadilisha waya na soketi na breka kulimgharimu 11,000. Kwenye 6,500 yetu kuna taima ya kufungwa kwenye ubao wa breka, kontakta, yaani swichi nzito inayobeba ule mzigo, breka yake peke yake, na fundi mwenye leseni ya EPRA anayengoja hita imalize mzunguko mmoja akiigusa ile waya kuona kama imepata joto. Kungoja nako ni kazi.

Friji usiiguse. Kuna anayeizima asubuhi akienda kazini, anaiwasha akirudi saa 1 jioni "ili ipumzike". Friji ya kawaida inakula yuniti moja kwa siku au chini yake, na joto lililoingia mchana lazima litolewe lote usiku. Kibaya zaidi, saa 1 jioni mtaa mzima umewasha, stima iko chini, taa zinafifia. Kompresa ikianza kwenye stima hafifu inanguruma bila kuzunguka hadi inaungua. Tumebadilisha mbili mwaka huu kwa mchezo huo, 14,000 kila moja na gasi juu. Ukitaka friji itumie stima kidogo, bana noti ya 50 mlangoni uivute. Ikitoka kama imepakwa mafuta, mpira wa mlango umekwisha, na mpira ni bei ya chini sana kuliko kompresa.

Mashine ya kufua inakula stima kwenye kuchemsha maji. Kuzungusha nguo si kitu. Ifue kwa nyuzi 30 au baridi, saa yoyote isiyo ya saa 1 hadi saa 4 usiku. Wakati huo ndio nchi nzima inavuta na mitambo ya mafuta inawashwa kusaidia mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, kwa hiyo ukifua saa nyingine unaisaidia gridi ya taifa. Shukrani yake tu haiingii kwenye mita yako. Na usiiwashe ukalala, hasa ikiwa kwenye ekstensheni.

Yule mama ametupigia Jumapili. Tokeni za 1,000 zimemfikisha siku 3 zaidi ya kawaida. Maneno yake makali bado yako pale, hatujamwomba ayafute. Amesema ataongeza mstari mmoja akipata nafasi, kwa sasa anafua.