Hesabu niliyompigia shemeji imekuwa kibali cha kucheza kamari

Shangazi, shikamoo.

Nilifundisha hisabati Muheza miaka tisa kabla sijaja huku Las Vegas, ambako sasa nafua mashuka ya hoteli zamu ya usiku. Ninaye shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenitumia nauli, akanipokea uwanja wa ndege, akanilaza sebuleni kwake miezi minane bila hata siku moja kuniuliza nitahama lini. Nalitanguliza hili ujue kwa nini mdomo wangu ni mzito.

Shemeji anabeba abiria kwa gari lake. Akimaliza kazi usiku hupitia kasino kucheza dadu, ule mchezo wenyeji wanauita krapsi: meza ndefu yenye kingo, watu wamesimama kuizunguka, mmoja anatupa dadu mbili na wengine wote wanaangukia au kuinukia kwenye mkono wake. Kwa mchezo wenyewe sikuwa na ugomvi. Dau la kawaida la mstarini, lile la kumuunga mkono mtupaji, linampa mwenye kasino wastani wa senti 14 katika kila dola 10, na kwa kamari hiyo ni nafuu. Ugomvi wangu ni madau ya bonasi.

Yapo matatu, na sisi nyumbani tumeyabatiza Ndogo, Kubwa na Zote. Unaweka kabla mtupaji mpya hajaanza. Ndogo inataka 2, 3, 4, 5 na 6 zitoke zote kabla ya 7. Kubwa inataka 8, 9, 10, 11 na 12, vilevile kabla ya 7. Zote inataka namba hizo kumi bila kukosa hata moja. Saba ikitoka, hata mtupo wa kwanza kabisa ambapo watu wa mstarini wanashangilia kwa sababu wao imewalipa, bonasi yako imekufa. Kwenye meza anayocheza sasa, Ndogo na Kubwa zinalipa 34 kwa 1, Zote inalipa 175 kwa 1, na dau lako linarudi. Yeye huweka dola 5 kila moja, yaani dola 15 kwa kila mtupaji.

Mwezi wa tatu alinichukua tukaenda wote. Mama mmoja mzee, kofia ya jua kichwani usiku wa manane, akatupa dadu karibu nusu saa. Namba zikaanza kuwaka moja moja, ikabaki 12 peke yake. Shangazi, meza nzima ilikuwa inapiga kelele kama goli la dakika ya tisini, na mimi kimoyomoyo nikawa napiga hesabu: njia ya 12 ni moja tu, njia za 7 ni sita, kwa hiyo hapa bado ni nafasi moja katika saba. Ikatoka 12. Zote ilimlipa 875, Ndogo 170, Kubwa 170. Dola 1,215 kwa dola 15. Akanikatia 300, nikazipokea. Kesho yake nikamtumia mdogo wangu ada.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, maana tangu siku ile sina uso wa kumwambia kamari ni mbaya.

Wiki iliyofuata akaja na swali la adabu kabisa: "Mwalimu, hebu nipigie hesabu, hii kitu inalipa au hailipi?" Nikafurahi, nakiri. Miaka mitatu sijaulizwa swali la hisabati na mtu mzima. Nikachukua karatasi, nikaanza kama darasani. Dadu mbili zina njia 36. Saba ina njia sita, hakuna namba yenye nyingi kuliko hiyo. Sasa chukua zile mbili ngumu tu, 2 na 12, moja moja kila upande. Kupata mojawapo kabla ya 7 ni njia mbili katika nane, yaani robo. Kisha kuipata ile iliyobaki kabla ya 7 ni moja katika saba. Robo mara moja ya saba ni moja katika 28, na hapo namba nyingine nane bado hujazidai. Ukizidai zote, Zote inatoka kwa wastani mara moja katika watupaji 190. Ndogo ni kama mara moja katika 38, na Kubwa hivyo hivyo.

Nikamwekea kwa fedha ili iingie. Watupaji 190, dola 5 kila mmoja, umetoa 950. Zote ikitoka mara moja uliyostahili, unapewa 875 na dau lako 5, jumla 880. Umepoteza 70. Ndogo: watupaji 38, umetoa 190, umerudishiwa 175. Ukijumlisha madau yote matatu, kila mtupaji mpya anakula wastani wa dola 1 na senti 15 kati ya zile 15. Nilidhani nimemaliza kazi.

Kumbe siku hizo, ukiacha usiku ule tuliokwenda wote, alikuwa anacheza kasino nyingine, karibu na kwake, yenye maegesho ya bure, na kule Zote inalipa 150 na Ndogo 30. Bila kufikiri nikasema, "Kwa meza hiyo ndiyo unaibiwa kabisa, ni karibu mara mbili na nusu ya hasara." Na ni kweli: kwenye Zote pekee, katika zile 950 ungepata 755. Nikamwonya pia kuhusu mtego wa maandishi, kwamba meza nyingine huandika 35 huku dau lako likiwa limehesabiwa humo humo, kwa hiyo ni ile ile 34. Akanisikiliza, akanishukuru, akahama meza. Siku mbili baadaye namsikia kwenye simu akimwambia rafiki yake: "Mwalimu amepiga hesabu, amesema ya 175 ndiyo nzuri."

Sikusema nzuri, Shangazi. Nilisema ile nyingine ni mbaya zaidi. Lakini nitamlaumuje? Aliuliza njia, nami nikamwonyesha ipi ina mashimo machache.

Tangu hapo amekuwa na daftari, lile la shule lenye ukurasa wa majedwali nyuma. Kila mtupaji anaandikwa, na Jumapili iliyopita akaniletea nilikague. Watupaji 412. Ndogo imetoka mara 10, Kubwa mara 9, Zote mara 1. Akanigongea meza kwa kidole: "Wewe ulisema moja katika 190. Nimeshafika 412. Ina maana meza inanidai moja."

Nikamwambia dadu hazina kumbukumbu, haziweki deni. Hata ukianza upya na watupaji 190 kamili, nafasi ya kutoiona Zote hata mara moja ni asilimia 37 hivi; si bahati mbaya ya ajabu, ni kitu cha kawaida kabisa. Akacheka. Akasema mimi najua vitabu, yeye anaijua meza. Nikachukua dadu mbili za ludo ya mpwa wangu, tukatupa jioni mbili pale mezani kwa dada, watupaji 40. Ndogo ilitoka mara moja, Kubwa haikutoka, Zote haikukaribia hata kidogo. Akasema, "Shem, hizo ni dadu za mtoto, kona zimelika." Mpwa wangu akanuna.

Alipoondoka nililipiga lile daftari jumla, kitu ambacho yeye hajawahi kufanya. Watupaji 412 kwa dola 15 ni 6,180 zilizotoka mfukoni. Ndogo 10 zimerudisha 1,750, Kubwa 9 zimerudisha 1,575, Zote moja 880. Jumla 4,205. Pengo ni dola 1,975, na hapo dau la mstarini halimo, maana haliandiki.

Jumatatu akanipigia. Anataka tutoe dola 2,000 kwenye akaunti ya nyumba ya mama, ile tunayochangia mimi na dada kwa ajili ya kumalizia kupaua pale Pongwe. Ni ya "biashara ya mwezi mmoja", atarudisha na ziada. Akaunti iko kwa jina langu kwa sababu dada alisema mimi ni makini na hesabu. Na akaniomba dada asijue kwanza, "asije akawa na wasiwasi bure."

Elfu mbili. Nilipoisikia ile namba nikajua ametoka nayo wapi. Sidhani kama hata yeye mwenyewe anajua kwamba anaomba shimo lifukiwe.

Sasa niko hivi. Nikimnyima kwa kusema hesabu haikubali, atanijibu kwa hesabu yangu mwenyewe: 190, 412, meza inadai. Kila namba ninayompa anaigeuza kuwa sababu ya kurudi. Nikimnyima bila maelezo, nitakuwa yule mtu aliyelala sebuleni kwake miezi minane na leo anafunga mfuko. Nikimwambia dada, ninavunja ndoa ya watu kwa kalamu nyekundu. Nisipomwambia, na bati la mama likapotea, nitamwangalia mama vipi? Na zile 300 nilizopokea, je, nimrudishie yeye au nimpe dada? Nimeziweka kando kwenye bahasha, mshahara wa wiki mbili umekatika humo.

Pale kasino, kwenye mashine ya kutolea fedha, wamebandika namba ya simu ya msaada kwa walioshindwa kuacha. Nimeipiga picha. Inakaa kwenye simu yangu wiki ya pili sasa, naogopa kumtumia, kwa sababu kwetu huwezi kumtumia mkubwa wako kitu kama hicho ukabaki na heshima yako na yeye akabaki na yake. Au huwezi kumtumia moja kwa moja, ila kwa njia fulani inawezekana? Labda wewe unaijua.

Anakuja Ijumaa baada ya swala, kula wali kwetu kama kawaida, na atataka jibu. Nimeandika daftari lake upya kwa mwandiko safi, mistari miwili tu, zilizotoka na zilizorudi. Sijui nimwekee mezani kabla ya chakula au baada, na sijui kama dada awepo.

Naomba jibu lako kabla ya Ijumaa, Shangazi.

Mwalimu wa zamani,
Las Vegas